Niliyojifunza juu ya ngazi

Herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika hapa Lindi nilizifuta mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza upande wa Kitunda, na mwenye nyumba amesimama chini ya ngazi yangu na shilingi elfu kumi na tano mkononi, malipo ya kufuta. Herufi zilikuwa za kijani, nimezitia kivuli cha manjano, futi moja kwenda juu: KHANGA NA VITENGE KWA MAMA. Kuziandika kulinichukua siku tatu. Kuzifuta, dakika arobaini. Ningependa kusema nilizikataa zile hela. Sikuzikataa, nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto.

Mama mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara, ameketi juu ya marobota yake akisubiri guta. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Fundi, mimi na wewe tumempambia mwenzetu bibi harusi."

Mimi ni fundi rangi na mwandishi wa mabango. Nilianza zamani, enzi za brashi ya manyoya na uzi uliopakwa chaki, kabla mabango ya kuchapwa kwa mashine hayajatunyang'anya nusu ya kazi. Mtaa ninaousimulia ni wa maduka ya kizamani: kuta za mawe na chokaa zilizojengwa na Wahindi, baraza mbele, milango ya mbao ya kukunja, na juu roshani ambazo nyingine zimebaki mbavu tu. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini mpaka miaka ya 1950, makao yalipohamia Mtwara, na wako wazee wanaoizungumza habari hiyo kama vile lori la mafaili limeondoka jana jioni. Mwaka 1971 tulipewa mkoa wetu wenyewe. Ofisi zikarudi, lakini ule msongamano wa watu mbele ya maduka haukurudi wote. Halafu Daraja la Mkapa likafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, lami ikasogea miaka iliyofuata, tukashangilia kwamba sasa mzigo wa Kariakoo utafika upesi. Ulifika kweli. Wateja nao wakagundua kwamba basi lililoleta mzigo linarudi Dar likiwa na viti.

Kwa hiyo mtaa ulikuwa umechoka. Kisha zikaja kampuni za kutangaza bidhaa zao, na rangi ya bure. Kijana anakuja na pikipiki, anamwambia mwenye duka: tutakupakia ukuta wote, hulipi hata senti, jina lako tutaliandika pembeni. Nani akatae? Siwasemi waliokubali, hata mimi nilipaka baadhi ya kuta hizo kwa ujira wa kutwa. Ila matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha. Fremu tano mfululizo zilikuwa nyekundu, nembo kubwa katikati, jina la duka dogo kule chini kama saini ya shahidi. Mtu akielekezwa, "njoo duka jekundu," anauliza, lipi? Mmoja anauza dawa za binadamu, wa pili vipuri vya baiskeli, wa tatu mchele, na wote watatu wanatangaza kitu kimoja ambacho hakuna hata mmoja wao anayekitegemea kwa kula yake.

Mama wa khanga alikataa wekundu. Mwaka 2022 aliniita, akaniambia anataka duka lake lionekane kama alivyolikuta kwa shangazi yake. Tulikwangua, tukapaka rangi ya maziwa, milango kijani. Khanga zilizokuwa zimening'inia mlangoni na kuziba mwanga tukazisogeza ndani kwenye fito, ili mtu akiwa barabarani aone pindo na aweze kusoma jina la khanga bila kuingia. Mkono wangu ulikuwa mwepesi mwaka ule. Watu walikuwa wanasimama. Msimu wa korosho ulipofika, Oktoba, wanawake waliotoka vijijini na hela mfukoni walikuwa wanashuka kwenye Noah na kuulizia duka la kijani.

Aliyeona zaidi ya wote alikuwa mwenye nyumba. Kodi ilikuwa laki moja na ishirini kwa mwezi, inalipwa kila miezi sita, makubaliano ya mdomo tangu enzi za shangazi. Miezi sita ilipoisha akasema laki mbili, na papo hapo akataja kwamba yupo mtu wa vipodozi aliyetayari kuweka mezani ya mwaka mzima. Mama aliomba, akatuma wazee, wapi. Mwezi uliofuata nikaitwa na ngazi yangu.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa lilikuwa roho ya mwenye nyumba. Sasa nadhani kosa lilikuwa mpangilio wa kazi yetu. Sisi tulianza na kile kinachoonekana.

Na ukuta ulikuwa umeshaanza kunisuta kabla ya hapo. Mvua za Februari zilipokolea, upande wa chini, kuanzia sakafuni mpaka kiunoni, rangi ilivimba malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa unga mweupe wa chumvi. Niliona aibu. Nikapaka tena, ikavimba tena. Mzee mmoja fundi mwashi, ambaye alijifunza kazi ya chokaa Mikindani, ndiye aliyenifungua macho. Mikindani kuna lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lililikarabati na kulifanya hoteli, na mafundi wa kule wanajua kuongea na mawe. Alinigongea ukuta kwa kifundo cha kidole: huku juu sauti nzito, huku chini sauti ya debe tupu. "Mwanangu," akasema, "nyumba hii inapumua. Nyie mmeiziba pua."

Maana yake ni hii. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu wa ardhini na kuutoa nje polepole. Mtu fulani miaka ya nyuma aliona plasta ya chokaa imechakaa chini, akaikandika kwa saruji akidhani anaiimarisha. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri, basi maji yakabaki ndani pamoja na chumvi, yakawa yanasukuma. Mimi nikaja juu yake na rangi ya mafuta, nikaongeza kifuniko juu ya kifuniko. Dawa ni kuibandua saruji yote, kuuacha ukuta wazi ukauke wiki kadhaa, halafu kupiga plasta ya chokaa na mchanga, sehemu moja kwa tatu, ukiinyunyizia maji isikauke kwa pupa, na mwisho chokaa ya maji badala ya rangi ya mafuta. Kazi ya kuchosha, haina sifa, na mteja akipita hawezi kujua umefanya nini.

Mwishoni mwa 2023 alikuja mtaani kijana mmoja wa mipango miji kutoka Chuo Kikuu cha Ardhi, yuko likizo kwao. Alikuwa na daftari na maswali mengi kuliko umri wake. Ndiye aliyetusimulia, tukiwa barazani kwa muuza nyuzi, kwamba haya tunayohangaika nayo yana historia huko Marekani. Kule miji midogo iliona maduka ya katikati ya mji yakifa kwa sababu watu walikimbilia majengo makubwa ya biashara yaliyojengwa nje ya mji, yenye maegesho ya magari. Mwaka 1977 taasisi yao ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ilianza majaribio katika miji mitatu: Galesburg jimbo la Illinois, Madison jimbo la Indiana, na Hot Springs kule South Dakota. Mwaka 1980 wakaunda kituo cha kitaifa kwa ajili ya kazi hiyo. Wakaiita Main Street, yaani barabara kuu ya mji. Kilichonivutia ni kwamba sura ya majengo ilikuwa robo tu ya mpango. Robo nyingine tatu zilikuwa ni kujipanga kama kundi, kuuvumisha mtaa wenyewe, na kuitazama biashara yenyewe, nani anauza nini na kwa nani.

Akaeleza na habari ya fedha. Miji mingi ya huko ina mfuko wa kuboresha mbele ya maduka: mwenye duka analipa sehemu, mfuko unalipa sehemu. Chicago, kwa mfano, inao mfuko wa biashara ndogo unaotokana na ongezeko la kodi ya majengo katika eneo husika, na unamrudishia mtu sehemu ya gharama baada ya kazi kukamilika na risiti kuonekana.

Muuza nyuzi, mama wa makamo asiyeyumbishwa na maneno, akauliza, "Baada ya kazi kukamilika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huo si wetu. Mwenye uwezo wa kulipa kwanza asubiri kurudishiwa, huyo hana shida na msaada."

Hapo ndipo nilipojua kwamba tukiiga, tutaiga kwa akili. Fremu kumi na moja zilikubali. Kila moja ilitoa elfu tano kwa wiki kuanzia Januari 2024, mtunza hazina akawa muuza nyuzi, kwa sababu hata mumewe hajui anapoweka hela. Tukasema mfuko utanunua vifaa, mwenye duka atalipa fundi, na kila hatua inakaguliwa na majirani wawili kabla ya hatua inayofuata. Kwa wiki kumi na tano zilipaswa kupatikana 825,000. Zilipatikana laki saba na kitu, maana wakwepaji hawakosekani, na mmoja wao alikuwa ni mimi wiki mbili za Ramadhani.

Tukaagiza rangi Kariakoo, aina inayostahimili chumvi ya bahari, kwa ajili ya milango na kuta za juu. Fedha zikatumwa mwishoni mwa Aprili. Ndoo zikapakiwa. Mwanzoni mwa Mei, mvua na kile kimbunga Hidaya vikakata barabara kule Somanga, Kilwa. Magari yakalala pande zote mbili, Kusini ikawa kisiwa. Ndoo zetu zilikuwa upande wa pili wa maji.

Wanachama walinung'unika, na nilielewa. Hela imetoka, mtaa uko vilevile. Sasa kwa kuwa watu walikuwa wameshafunga maduka nusu siku ili kazi ianze, na mvua imekatika, mtu akasema basi angalau tufagie. Sikumbuki ni nani, laiti ningekumbuka ningemsifu hapa.

Tulianza na ufagio, tukaishia na majembe. Mtaro unaopokea maji kutoka mlimani ulikuwa umejaa mchanga, chupa na majani, ndiyo maana kila mvua ikinyesha maji yanapanda barazani na kulowesha zile kuta tulizokuwa tunazilaumu. Siku mbili za jembe. Halafu tukapandisha macho. Tuliondoa mabango saba ya biashara zilizokwisha kufa, moja la studio ya picha ambayo hata wazee walibishana ilifungwa lini. Tukang'oa misumari, nyaya zisizokwenda popote, picha za wagombea wa chaguzi zilizopita. Maturubai yaliyokuwa yameinama mpaka mtu mrefu apige magoti tukayainua futi saba. Fundi mwashi akaziba ngazi za baraza zilizomeguka. Kwa muuza nyuzi kulikuwa na dirisha la mbao lililopigiliwa misumari tangu siku zisizojulikana, tukalifungua, mwanga ukaingia mpaka kwenye rafu ya nyuma, na yeye mwenyewe akakuta katoni ya vifungo aliyodhani aliibiwa.

Siku ya tatu baada ya hapo, bibi mmoja wa rika la mama yangu alisimama mbele ya baraza, akaweka kikapu chini, akatazama ndani muda mrefu.

"Kumbe bado mpo?"

"Tupo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nilijua mmefunga. Huu mwaka wa tatu nyuzi za kofia namwagiza mjukuu Mtwara."

Amekuwa akipita barabara ileile kwenda sokoni. Na siku ile hapakuwa na hata tone la rangi mpya mtaa mzima. Niliporudi nyumbani sikulala vizuri. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwaambia wateja kwamba rangi ndiyo inayoita.

Taa nazo ziliingia katika wiki hizo za kungoja. Kila fremu iliweka balbu moja ya wati tisa chini ya paa la baraza. Kulikuwa na ubishi wa umeme, nikapiga hesabu ya fundi: uniti moja ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, inaiwasha balbu hiyo zaidi ya saa mia moja. Ubishi ukafa. Wanawake waliokuwa wanaupita mtaa haraka magharibi ikiingia wakaanza kutembea mwendo wa kawaida, na maduka manne yakaongeza muda mpaka saa mbili usiku.

Ndoo zilipofika, mwishoni mwa mwezi, nilikuwa fundi mwingine. Tukapaka juu tu, chini tukaacha chokaa. Kuhusu mabango, nilishika ile kanuni ya zamani ya waandishi: inchi moja ya herufi kwa kila futi kumi za umbali. Barabara yetu ina futi arobaini toka baraza hadi baraza, kwa hiyo herufi za inchi nne au tano zinatosha kabisa kusomeka kwa raha. Za futi moja nilizomwandikia mama wa khanga zilikuwa majivuno yangu. Isitoshe bango linalipiwa ushuru kwa ukubwa wake, kwa hiyo majivuno yangu alikuwa anayalipia yeye. Nembo za kampuni hatukuzipiga marufuku. Tulikubaliana jina la duka na kinachouzwa vichukue sehemu kubwa, na anayetaka kutangaza vya wengine atafute nafasi iliyobaki. Kampuni mbili zikaondoka zenyewe.

Lakini nimeruka jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, na nimeliruka kwa sababu linachosha kulisimulia. Wenye nyumba.

Kabla hata senti ya mfuko haijaenda dukani, nilikuwa nimeshikilia kikaoni kwamba hakuna fremu itakayoguswa bila karatasi. Nilisimulia habari ya mama wa khanga, naye alikuwepo, amekaa nyuma. Yule kijana wa chuo akatuunga mkono, akasema hata huko Marekani programu nyingi hudai ridhaa ya maandishi ya mwenye jengo kwanza. Tukaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida. Kodi haitapanda kwa miezi ishirini na nne. Gharama ya maboresho inagawanywa kwa miezi hiyo, na mwenye nyumba akimtoa mpangaji kabla ya muda, anarudisha ya miezi iliyobaki. Kazi ikiwa ya laki nne na themanini, kila mwezi ni elfu ishirini, akimtoa mwezi wa kumi anadaiwa laki mbili na themanini. Inasainiwa mbele ya mtendaji wa mtaa.

Sita walisaini. Wawili kati yao walikuwa wepesi kuliko nilivyotarajia: walikuwa wanajua nyumba zao zinabomoka na hawana hela ya kuzitengeneza, wakaona wamepata fundi wa bure. Mmoja alisamehe kodi ya mwezi mzima kama mchango wake. Watatu walikataa. Mmoja wa hao watatu alitupa sababu ambayo siwezi kuipuuza. Alisema, "Serikali ilishawahi kuandika karatasi juu ya nyumba ya baba yangu." Alikuwa anazungumzia 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalipotaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake baadaye, mwaka 1990, ziliingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Karatasi kwake si ulinzi. Nilimwelewa, ila fremu yake hatukuigusa.

Wawili waliobaki hata hawakuwa watu wawili. Ni mirathi. Nyumba moja ina warithi sita: wawili Dar, mmoja Masasi, mmoja Oman, na waliopo hapa hawasalimiani. Mpangaji wa humo, muuza vyombo, anampelekea kodi yule aliyemwahi. Mzee wa watu alikuwa ametoa elfu tano zake kila wiki bila kukosa, na duka lake likabaki na plasta inayomenyuka katikati ya mtaa uliopendeza. Tulimrudishia michango yake. Tukamfanyia yale yasiyohitaji saini: taa, turubai, kufagia, kupanga sufuria kwa ukubwa ili zionekane. Nikipita hapo bado nahisi tumemdhulumu, japo sijui ni nani hasa aliyemdhulumu.

Hapa kuna kitu kinachoniudhi hadi leo. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ilianza elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme wa dukani ni mpangaji. Kwa hiyo huyu muuza vyombo ndiye aliyekuwa akilipia kodi ya jengo ambalo hana ruhusa hata ya kulipaka chokaa. Nilimshauri akate kwenye kodi ya pango. Akaniuliza, aikate kwa mrithi yupi?

Suala la machinga nalo lilitaka kutuvuruga. Katika mchoro wa kwanza wa kijana wetu, mbele ya maduka palikuwa peupe kabisa, pana miti miwili na benchi. Ulikuwa mchoro mzuri. Lakini huku kwetu neno machinga si tusi la mjini tu. Wamachinga ni kabila la mkoa huu, Mchinga ipo hapo kaskazini, na wengi husema jina la wachuuzi wa Dar lilitoka kwa vijana wa huku walioondoka na bidhaa mkononi. Kumfukuza machinga Lindi ni kama kumfukuza samaki baharini. Muuza viungo anayekaa mbele ya duka la mchele ndiye anayewasimamisha watu, wakishasimama ndipo wanakumbuka mchele. Mwenye duka la mchele alisema wazi kwamba meza ile ikiondoka na yeye anaondoka. Tukakubaliana njia ya kupita iwe hatua tatu za mtu mzima, na meza zikae upande mmoja wa nguzo. Miti miwili ilipandwa. Mmoja uliliwa na mbuzi.

Je, biashara ilipanda? Tulijaribu kuhesabu bila vifaa. Kila duka lilikuwa na kopo, na kila anayeingia, mtoto wa dukani anatumbukiza korosho moja ghafi. Kopo la wiki ya Aprili halikufika nusu. La wiki ya Juni lilifurika, tukaanza kupongezana, mpaka yule kijana alipotuuliza kwa upole Juni ni msimu wa nini. Ni msimu wa ufuta. Minada imeanza, vijijini kuna hela, hata duka lenye popo lingejaa. Akatuambia tuhifadhi hesabu ya Juni tulinganishe na Juni ya mwaka unaofuata. Tulifanya hivyo. Juni 2025 ilizidi ya 2024 kwa baadhi ya maduka, kwa mengine ikawa sawasawa, na kwa duka moja la simu ikapungua kwa sababu ambazo mwenyewe anazijua. Waliozidi wengi ni wale waliofungua usiku. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Mfuko upo bado. Elfu tano imekuwa elfu mbili, kwa ajili ya mtaro na balbu tu, na kila baada ya mvua kubwa kengele ya baiskeli inapigwa, watu wanatoka na majembe. Si wote. Chokaa napaka kila mwaka kabla ya Novemba, kazi ya siku mbili, napata ujira mdogo wa uhakika badala ya ule mkubwa wa kubahatisha.

Mama wa khanga sasa yuko mtaa wa nyuma, fremu ndogo, mlango mmoja. Alikuja kunichukua mwaka jana, baada ya Idi. Nilibeba brashi na ngazi kama kawaida. Nilipofika nikamkuta ameegesha barazani ubao wa mninga, futi tano kwa moja, umepigwa msasa, una matundu manne pembeni.

"Safari hii usiniandikie ukutani, fundi. Niandikie hapa."

Nikamwandikia, kijani na kivuli cha manjano, herufi za inchi tano. Tulipomaliza tukaupandisha ubao juu ya mlango, tukaukaza kwa skrubu nne. Alinitazama nikiwa naikaza ya mwisho, akaomba bisibisi yangu, akaniuliza bei yake. Nikamwambia elfu tatu. Akanilipa papo hapo, akaiweka kwenye droo ya chini, chini ya kitabu cha madeni.